Aliruka au Alirushwa

Jirani yangu Jeconia ni mvuta mkokoteni. Alitoka Ugenya akiwa kijana, akaja Ruiru kutafuta kazi ya kiwandani, akaikosa. Mtu mmoja, Kang'ethe, alimkuta amekaa mbele ya duka la mahindi na hana la kufanya. Kang'ethe alikuwa na mkokoteni lakini hakuwa na mwenza. Wakaanza siku hiyohiyo, Jeconia mbele kwenye vishikio, Kang'ethe nyuma akisukuma, wala hawakubadilishana nafasi miaka yote. Watoto wa Kang'ethe walimwita anko. Krismasi asipoenda kwao Ugenya, alikula kwa Kang'ethe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha nguvu na mwendo, na uvivu wa maneno siuwezi. Mwanafunzi akiniambia mpira "umeenda", namuuliza, umeenda wenyewe? Kilichotulia hakijisukumi. Kitabaki palepale mpaka nguvu fulani ikisukume au ikivute, na kikishaanza kwenda kitaendelea kwenda mpaka nguvu nyingine ikizuie. Wanafunzi wanasema nina kisirani. Wacha waseme.

Juzi hao wawili walikuwa wanapandisha magunia ya mahindi kutoka upande wa mtoni kwenda kinu cha kusagia kule Gitothua. Mzigo ulifungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, kama kawaida ya wavuta mikokoteni wote. Katikati ya mlima mpira ulikatika, magunia ya juu yakateleza nyuma. Mkokoteni una magurudumu mawili tu katikati, kwa hiyo nyuma ikilemewa, mbele lazima ipae. Magunia yalimwangukia Kang'ethe kifuani. Hakufika hospitali akiwa hai. Jeconia aliokotwa amevunjika mkono.

Polisi walipomuuliza ilikuwaje, na ndugu za marehemu walipomuuliza, alijibu vilevile: "Mimi niliruka juu, nikaanguka."

Neno hilo ndilo lililomponza. Gachau, kaka mkubwa wa Kang'ethe, alilirudia mbele ya kamati ya mazishi. "Mumesikia? Ameruka! Ameachilia mkokoteni ajiokoe, ndio ikamwangukia ndugu yetu." Wakaamua asikanyage mazishini. Ngendo, mjane, hakupinga.

Jeconia alikuja mlangoni kwangu Jumamosi mchana, mkono ukiwa kwenye plasta. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, wamesema nisikuje kuzika Kang'ethe. Na mimi sikuachilia. Haki ya Mungu, sikuachilia."

"Basi kwa nini uliwaambia uliruka?"

"Si nilienda juu? Mtu akienda juu si ameruka?"

"Kuruka ni wewe mwenyewe umetaka! Wewe ulirushwa!"

"Sasa hiyo tofauti ni ya nini, Mwalimu? Kang'ethe si amekufa tu."

Nilikasirika mpaka sauti ikapanda, na hasira yenyewe haikuwa juu yake. Nikamuuliza aliangukia wapi.

"Juu ya magunia. Nilikuwa naona viatu vyake hapo kando yangu."

Nilichukua rula yangu nikaenda kwa Ngendo. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, akina mama wakikanda unga wa chapati, yeye mwenyewe akichagua maharagwe kwenye sinia bila kuyatazama. Gachau alikuwepo. Nilitoa pole, kisha nikaomba meza, kikombe cha bati, harage moja na kipande cha unga uliokandwa. Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Nililaza kikombe, nikaweka rula juu yake, ncha ya mbele ikigusa meza. "Hii ncha ni vishikio, kikombe ni gurudumu." Nikaweka harage mezani mbele ya ncha, likiwa haligusi rula. "Huyu ni mtu aliyeachilia." Nikaipiga rula nyuma. Mbele ikapaa, harage likabaki mezani palepale, mbele.

"Anayeachilia hana kitu cha kumwinua," nikasema. "Anabaki amesimama barabarani, mbele ya mkokoteni."

Kisha nikaligandisha harage kwenye ncha kwa ule unga. "Huyu ameshika, hataki kuachilia." Nikapiga. Harage lilipanda na rula. Nyuma ya rula ilipogonga meza, rula ikasimama ghafla, lakini harage halikusimama. Lilibanduka likarudi upande wangu, likadondoka karibu na mkono niliopigia.

Ngendo alisukuma sinia kando. "Nipatie."

Akafanya mwenyewe, kwanza lile la mezani, halafu la unga. Akarudia. Kisha akamgeukia shemeji yake, ambaye kibanda chake cha kuchomea vyuma kiko palepale mlimani na ndiye aliyefika wa kwanza.

"Gachau, Jeco ulimtoa wapi?"

Gachau alitazama sakafu. "Kwa magunia."

"Magunia gani? Mbele ama nyuma?"

"Nyuma. Juu ya ndugu yangu."

"Na alikuwa amefikaje huko, kama aliachilia mbele?"

Gachau alivua kofia, akaifinyanga mikononi.

Nilidhani Ngendo angefurahi kidogo. Alilia, kilio kizito ambacho nadhani hakuwa amekilia tangu msiba uanze. "Mwalimu, nimekuwa na mtu wa kulaumu," alisema. "Nilikuwa nikiamka namlaumu, nalala namlaumu. Sasa nimlaumu nani? Mpira?" Ninayoyafundisha hayana jibu la swali hilo. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono, wake una unga na wangu pia.

Alipotulia aliomba simu yake. Akampigia Jeconia, na kwa kuwa spika ilikuwa wazi sote tulisikia akipokea kwa woga, akimwita alivyozoea kwa jina la mtoto wake, "Halo, Mama Shiko."

"Jeco, utaenda na sisi kuzika. Hakuna mtu atakuambia kitu." Akajifuta unga mkononi. "Lakini kuja saa hii kwanza. Wewe ndiye ulikuwa hapo na yeye, na mimi nilikufukuza kabla nikuulize. Kuja uniambie kama alisema kitu."

Kisha Jeconia akasema, "Alisema. Nakuja."