Mahali Zilipoishia Batri Zangu

Duka langu la kutengeneza sola liko Nchelenge, Zambia, kando ya ziwa Mweru. Batri zilizokufa nilikuwa nampa mutu mmoja mwenye lori, aliyesema anazipeleka Ndola, kwenye fabrike ya kuyeyusha batri. Nilipomuomba karatasi ya fabrike ya kuonyesha wamezipokea, alicheka tu. Safari iliyofuata nikamfuata kwa taksi, na lori likaishia Puta, kijiji cha wavuvi hukuhuku ziwani.

Ufukweni nilikuta mama mmoja anapasua batri kwa shoka, asidi inatiririka karibu na samaki walioanikwa.

"Mama, unazivunja za nini?"

"Tunayeyusha risasi yake, tunafanya uzito wa nyavu."

Nikamwambia ile ni sumu.

"Sumu? Sasa ni nani alituletea?"

Tangu siku ile simpi mutu batri. Zimejaa nyuma ya duka, na fabrike ya kweli bado naitafuta.