Neno Nililokuwa Naliruka

Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa ananiita Mwamba. Haikuwa sifa. Katika mashairi ya kale ya Waebrania, Mungu ndiye mwamba na ngome, watu wanamkimbilia. Mimi nilikuwa mwamba kwa sababu sisogei. Kila asubuhi yeye alitoka kwetu Bagira kwenda kuuza vitenge mjini, mimi nikabaki kuchunga kiti. "Muende ninyi," nilikuwa nasema, "mutu moja abakie, nyumba isikimbie."

Kwa hiyo alipolazwa, familia haikujadili sana. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake hospitalini. Lazima awe na garde-malade, mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala chini kando ya kitanda chake. Dada yake alinikabidhi sufuria na makaa.

"Shemeji, kazi iko ya kukaa. Hii utaweza."

Bugali yangu ya kwanza iliungua chini, juu ikabaki uji. Maman wa kitanda cha pili, mwenye mguu uliovunjika, alichungulia sufuria.

"Papa, weye iko garde-malade ama iko mugonjwa? Hii bugali inaomba serumu ya kutundika!"

Bibi yangu alicheka mpaka akashika tumbo. Nilifurahia kicheko, ule mkono tumboni, penye ugonjwa, ukanitisha. Siku hiyohiyo daktari aliniita pembeni, akaniambia kwa Kifaransa, polepole, kwamba dawa zimefika mwisho, hazisaidii tena. Sikumwambia bibi yangu.

Mchana alitaka nimsomee Biblia. Alitaka pale tu, mwanamke anapoomba mpenzi wake amweke moyoni kama muhuri.

"Muhuri njo kashe?" nikamuuliza. "Kama ile ya ofisi ya komini?"

"Ya komini inafutika na mvua, Papa. Soma."

Nikasoma. Mbele kidogo shairi linasema upendo una nguvu kama mauti. Macho yaliliona lile neno, mdomo ukalipita kama pikipiki inavyokwepa shimo kwenye barabara ya Kamituga. Nikasema upendo una nguvu, nikakimbilia kwenye maji mengi yasiyoweza kuuzima. Maji sikuyaogopa. Kila mchana ikawa hivyo: mwamba umejifunza kuruka. Nilidhani nikilificha neno, na habari yenyewe itajificha.

Siku moja akanishika mkono.

"Papa, uko naruka."

"Miye? Hata mufereji sijarukaka."

"Unaruka. Kama hausemi ile nguvu inashindana na nani, iko nguvu ya nini?"

Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari. Akalisema mwenyewe, "kama mauti," kwa sauti ya kawaida, kama anayemtajia mteja rangi ya kitenge. Kisha akasema, "Sasa endelea."

Tangu hapo tukasoma hivyo: mimi mpaka ukingoni, yeye lile neno, mimi tena maji.

Alikufa asubuhi ya mvua. Nilikuwa nimekaa palepale, mkono wake mkononi mwangu. Kazi ya kukaa niliifanya mpaka mwisho, na haikumzuia kwenda.

Kilio kimekwisha, watu wamerudi kwao. Shemeji anapita kunigombeza nitoke, nitembee, nione jua. Namwambia nyumba inaweza kukimbia. Siku hizi yeye hacheki.

Mchana nafungua palepale. Nafika ukingoni, namwachia nafasi ya lile neno lake. Basi ya mjini inapiga honi huko juu barabarani. Nangoja kidogo tena. Halafu nalisema mimi.