Kicheko cha Mama Ntilie Chapewa Sifuri

Wiki iliyopita nilikaa nje ya ofisi ya mhadhiri wa chuo kimoja huku Temeke, nikisubiri anisainie fomu ya mwanangu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kijana alikuwa analalamikia sapu, yaani kurudia mtihani aliofeli.

Kwenye mtihani huo wanafunzi walionyeshwa klipu ya televisheni: mama ntilie wa Tandika anaulizwa kuhusu umeme kukatika, anajibu "tumezoea," kisha anacheka mpaka anashika kiuno. Swali likawa: eleza kicheko hicho. Jibu la mhadhiri ni "kilio cha tabaka la chini." Kijana aliandika sababu nyingine, akala sifuri.

Siku hiyo alikuja na ushahidi. Yule mama wa kwenye klipu ndiye mama yake mzazi, na alikuwa amesimama pale na khanga yake.

"Mwalimu, mie nilicheka kwa sababu mtangazaji alikuwa kakalia sinia langu la chapati. Na hajui."

Mhadhiri akafungua kompyuta, akaigandisha klipu, akagonga kioo kwa kalamu, pale pale kwenye meno ya mama.

"Mbona chapati hazionekani?"

"Zitaonekanaje, baba, na kazikalia?"

"Basi hazimo. Hapa, mama, unalia."

"Nalia?"

"Kinadharia."

"Na sapu ya mwanangu?"

"Inabaki. Ila wewe njoo darasani Jumanne, nitakueleza ulichomaanisha."

Mie sina ugomvi na klipu vyuoni. Lakini msomi kaletewa mama mzima mpaka mezani, na bado anamwamini yule wa kwenye kioo.