Bwana Halisi na Wake Zake wa Kijerumani

Daktari wa meno wa mtaa wetu tulimwita Bwana Halisi, kwa kuwa neno hilo halikukauka kinywani mwake. Mchana aliwang'oa watu meno na kuwabandika ya bandia bila huzuni yoyote; jioni aliingia gerejini kulinda uhalisi wa magari mawili ya spoti ya Kijerumani, makongwe kuliko ndoa yake.

Lenye injini nyuma alikuwa Bi Mkubwa. Lenye injini mbele, Bi Mdogo.

"Mimi ni wa tatu," mkewe aliwaambia wageni, "ila ndimi ninayepika."

Kuwalinganisha ndiyo ilikuwa ibada yake. Bi Mkubwa, alitufundisha, ni mjeuri: ukikata kona kwa pupa, makalio yanatangulia kichwa. Bi Mdogo ana adabu, anakata kona kama bibi harusi anayechelea kukanyaga gauni. Kona zote hizo alizisoma magazetini. Kati ya hao wawili hakuna aliyewahi kumfikisha hata getini, maana nje kuna vumbi, na vumbi la huku si la Kijerumani.

Kisha mama mkwe akavunjika nyonga, akawekewa ya chuma, na mahali pekee pasipo na ngazi pakawa gerejini.

"Baba, mmoja mpe talaka," mkewe alisema. "Mama anakuja Jumamosi."

"Yupi?"

"Shauri yako. Nikichagua mimi, mimi sijui kulinganisha. Nitatoa wote."

Ijumaa akaja mwuza miwani, mkusanyaji mwenzake wa magari ya kale, kumnunua Bi Mdogo. Akaomba kusikia injini. Bwana Halisi akamfungua Bi Mkubwa, akang'oa betri, koili na pampu ya petroli, akaanza kumfungia Bi Mdogo.

"Vya huyu vilikufa zamani," alieleza.

"Si ungenunua vipya?" mkewe aliuliza mlangoni.

Wanaume wote wawili wakamtazama kama mtu aliyecheka matangani.

Ndivyo walivyoishi miaka yote, miili miwili na roho moja ya kuazimana. Kila alipolinganisha, alilinganisha aliye hai na maiti, na maiti siku zote akashindwa.

Bi Mdogo akaunguruma. Mwuza miwani akasema anamchukua pamoja na roho yake; bila hiyo, hata bure hamtaki. Bwana Halisi akashika pampu kwa mikono miwili, kama mtoto asiyetaka kugawa andazi.

"Jumamosi ni kesho," mkewe akasema.

Bwana Halisi akaiachia.

Mama mkwe alipofika, Bi Mkubwa alikuwa amesukumwa nje kupisha kitanda, chini ya turubai, na mkwewe ndani yake, ameshika usukani, akimweleza jirani kwamba Bi Mdogo ndiye aliyekuwa bora tangu mwanzo. Bikizee akamsogelea kwa mkongojo.

"Mkwe wangu, linakwenda hili?"

"Haliendi, mama. Lakini kila kilichobaki ni halisi."

Bikizee akajipigapiga nyonga.

"Pole, baba. Hii si halisi hata chembe," akasema, akaenda zake kuizunguka nyumba.