Taa za Miguuni pa Mama

Kule kwetu Marangu gari letu wanaliita disko. Acha waite. Mtu akiona mlango unafunguliwa alfajiri na giza, halafu sakafu ya gari inawaka kama meza ya keki ya harusi, anacheka na kumgusa mwenzake kwa kiwiko. Nimezoea. Ukiniuliza nitazitoa lini hizo taa nitakujibu: thubutu! Nitazitoa siku mama akisema nizitoe, na mama bado hajasema.

Gari ni la mama. Baba alipofariki, kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, na nyumba vilikwenda kwa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa kiume, kama desturi yetu Wachagga inavyotaka, na yeye ndiye anayeishi na mama. Gari likabaki kwa mama, na kwa kuwa mama hajui kuendesha, dereva ni mimi. Nakaa Pasua, kule chini mjini, nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka la watu. Kila Jumamosi napandisha mlimani, nalala nyumbani, na Jumapili alfajiri nampeleka mama misa ya kwanza.

Na misa ya kwanza si jambo la kuchezea. Mama amesali misa hiyo tangu alipoolewa. Wenzake waliobaki, wale bibi wenye vitenge na rozari ndefu, wote wanasali hiyo, na wakitoka wanasimama nje ya kanisa wanapeana habari za wiki nzima: nani kafa, nani kaposwa, ng'ombe wa nani kazaa. Misa ya pili ni ya watoto na kwaya ya vijana, halafu kuna mnada wa ndizi na kuku, mnatoka jua liko utosini. "Kule nitaongea na nani?" mama aliniuliza.

Tatizo lilikuwa macho. Mchana yanamtosha, ila kukiwa na giza haoni chini. Na pale tunapoegesha gari mfongo unapita kando, ule mfereji wa maji ya migomba. Taa ya darini ilikuwa nzima, lakini ilimwangaza kichwa tu. Akiinama kutafuta pa kukanyaga, mwili wake mwenyewe unaziba mwanga. Jumapili moja ya masika akakanyaga pembeni, akaingia mfongoni mzimamzima. Yeleuwi! Tukamtoa amelowa chapachapa, kifundo cha mguu kimevimba.

Hapo mdogo wangu akapata la kusema. "Basi. Mama hatoki tena gizani. Atakaa nyumbani, aletewe komunyo kama wagonjwa wengine."

"Mgonjwa ni nani?" mama akauliza.

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu hapa ni nani? Wewe si nimekuzaa mimi?"

Mdogo wangu alicheka, lakini hakurudi nyuma. Mimi nilikasirika, nasema kweli. Nilijua kinachofuata. Mzee akianza kuletewa komunyo, kesho atachaguliwa pa kukaa, keshokutwa atasemewa hata njaa yake. Nimewaona wa namna hiyo. Wamekalishwa barazani, wageni wanawauliza watoto wao, "Mzee anaendeleaje?" na mwenyewe yuko palepale, anasikia. Mama yangu afanywe hivyo? Hapana. Nikasema hapana.

Nikawaza taa. Balbu ya cherehani yangu ilipoungua niliwahi kubandika chini ya kichwa cha cherehani kipande cha taa za utepe, zile ndogondogo zenye gundi mgongoni, nilizokatiwa dukani. Nikaziwasha kwa adapta ya king'amuzi kilichokufa. Adapta ile inatoa volti kumi na mbili, sawa na betri ya gari. Nikajiambia, kama taa hizi zinanionyesha tundu la sindano, kizingiti cha gari kitazishinda nini?

Nikanunua utepe mrefu. Jumamosi nikapandisha mapema, nikachomoa kifuniko cha taa ya darini, nikaunga waya zangu nyuma yake ili taa ziwake mlango ukifunguliwa na zizimike ukifungwa. Waya nikazishusha ndani ya plastiki ya nguzo ya mlango, nikazipitisha chini ya zulia. Mdogo wangu akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe begani.

"Dada, utaliunguza gari hilo. Shona magauni."

"Na wewe kata majani," nikamjibu.

Utepe ule una alama za kukatia, mstari mwembamba kila baada ya taa tatu, umechorewa hadi picha ya mkasi. Nami nikaukata kama fundi cherehani. Fundi hakati juu ya chaki. Anakata nje ya chaki, anaacha akiba ya kushonea, maana wateja wananenepa. Nikaacha akiba ya vidole viwili. Kipande cha kwanza nikakibandika upande wa dereva, nikakijaribu, kikawaka, nikapiga vigelegele peke yangu. Cha pili kilikuwa cha upande wa mama. Mvua ilinikuta namalizia kukiunga, nikafunika haraka nikakimbilia ndani. Sikukijaribu. Si mwenzake amewaka?

Jumapili alfajiri nikafungua mlango wangu, miguuni kwangu kukawa kweupe. Mama akafungua wake, akakuta chini giza lilelile. Lakini nilishamwambia kuna taa, kwa hiyo alinyanyua mguu kwa kuniamini, ukakosa kizingiti, ukateleza. Akadaka mlango kwa mikono miwili. Yeye hakuanguka, fimbo yake ndiyo iliyoanguka ikachukuliwa na maji ya mfongo.

"Si nilisema?" Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba. Akaja, akamshika mama mkono, akamrudisha ndani, na mama safari hiyo hakubisha. Hicho ndicho kilichoniuma. Mama yangu kutobisha!

Nililia ndani ya gari kwa hasira. Baadaye nikasikia mdogo wangu anaongea na katekista kwenye simu: Jumapili ijayo, misa ikiisha, mama aletewe komunyo nyumbani.

Kulipopambazuka nikaanza kung'oa kila kitu. Mama akatoka na beseni la ndizi za mtori, akakaa kwenye kigoda karibu na gari, akaanza kumenya.

"Umekosea wapi?"

"Sijui, mama."

"Ukikosea gauni la mtu unafanyaje?"

"Nafumua."

"Basi fumua. Unalia nini?"

Nikafumua. Nikauweka utepe juani, nikauangalia vizuri, nikaona. Vile vidoa vya shaba vinavyoshika waya vipo kwenye mstari wa mkasi tu. Nilipojiachia akiba kwenye kipande changu, nilikuwa nimekata kichwa cha kipande cha mama, nikaziunga waya zake mahali pasipo na kitu. Umeme hauna akiba ya kushonea! Nilicheka mpaka mama akauliza kama nimeingiwa na wazimu.

Kupotea njia ndiyo kujua njia. Nikakata kwenye mstari wenyewe, nikaunga upya, nikaushonea utepe ala ya kitambaa kwenye ukingo wa zulia usibanduke, maana kushona hakuna wa kunifundisha. Nikamwita mama. Akajifunika kanga kichwani, yeye na mlango, apate giza la kujaribia. Akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, nikimsikia anacheka humo ndani ya kanga.

"Sasa tumwambie mwanao amzuie katekista," nikasema.

"Hatumwambii mtu," mama akajibu, akarudi kwenye ndizi zake.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amekwisha vaa, kitenge kimepigwa pasi, rozari mkononi. Hakutaka nimshike. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye gari, akapapasa kitasa, akafungua. Mwanga ukamwagika kwenye zulia, kwenye kizingiti, ukafika mpaka kwenye majani ya ukingo wa mfongo. Mama akauangalia mguu wake. Akaunyanyua, akauweka pale alipotaka kuuweka, akaketi. Nami nikazunguka, nikaketi kwenye usukani.

Mdogo wangu akatoka mbio, koti juu ya nguo za kulalia. "Mama, unaenda wapi? Katekista anakuja leo na komunyo! Nimwambie nini?"

"Mpokee wewe," mama akasema. "Wewe ndiye unayebaki nyumbani."

Akavuta mlango kwa mkono wake, taa zikazimika, nami nikawasha gari.