Mikono ya Bibi Kwenye Skrini

Mvua ya mchana ilikuwa ikinyesha Bondeni, ile nyepesi inayoufanya mji mzima uonekane kama umesinzia, mama mdogo alipoingia chumbani kwangu ninapohariri video za kwaya na harusi. Alikuwa ametoka kwake, kando ya ziwa, na flashi aliyoifunga kwenye kitambaa. Ndani mlikuwa na video moja tu: bibi, mama yake, akifinyanga chungu mwaka mmoja kabla hajafariki.

"Vyungu vyangu vinapasuka mdomoni," alisema. "Nataka kuona yeye alivyoumaliza mdomo. Hapo tu, mwanangu."

Nikaifungua. Bibi akatokea, udongo ukiwa umempanda hadi viwikoni. Lakini kila alipofika mdomoni mwa chungu picha ilikwamakwama: mikono ikawa hapa, kisha ghafla kule.

"Amechoka?" mama mdogo aliuliza, kwa sauti ya chini.

Nililaumu faili, nikalaumu kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha. Lakini kadi ilikuwa ikiifungua video bila shida. Ndipo nikayatazama madirisha ya programu kwenye skrini yangu, yanayopitisha mwanga, yenye vivuli, niliyoyapenda kama mtoto apendavyo mapovu ya sabuni. Programu inayoyapanga madirisha hayo ilikuwa ikichukua kila picha ya bibi, inaichanganya na vivuli vyote, ndipo inaipeleka kwenye skrini. Kompyuta yangu kuukuu haikuweza kwenda na kasi hiyo.

Nikazima madoido yote. Mikono ya bibi ikaenda vizuri, ila mstari mwembamba ulimkata viganja kwa mlalo, nusu ya juu ikitangulia nusu ya chini. Nikayarudisha, kisha nikaifungua video ijaze skrini nzima. Programu ile ikajiweka kando, picha ikaenda moja kwa moja kwenye skrini. Mstari ukatoweka.

Mikono ikatiririka kama maji. Kidole gumba kilikuwa ndani, kikisukuma udongo kwenda nje, huku jani likiulainisha kutoka upande wa pili.

"Kumbe anausukuma!" mama mdogo alinong'ona. "Mimi nilikuwa naubana."

Vidole vyake vilianza kusogea hewani. Tuliirudia mara nyingi sana, hata sikujua kama mvua imekatika au mimi ndiye niliyeacha kuisikia.

"Ndaga, mwanangu," alishukuru, akaondoka.

Baadaye alinipigia simu. Vyungu vyote vilikuwa vimetoka motoni vizima, isipokuwa kimoja, na hicho, alisema akicheka, alikifinyanga akiwa analia.