Kiatu cha Kushoto Kilichokatwa Uwanjani

Saa mbili na nusu asubuhi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mwanamke amebana kiatu cha mwanamume katikati ya magoti na anakitoboa kwa msharasi. Anavuta uzi uliopakwa nta, anaukaza, anatoboa tena. Kila anayepanda ngazi anapita juu ya kichwa chake, naye anamtambua kwa mlio wa hatua, bila kuinua macho.

“Huyo wakili wa ghorofa ya pili. Kisigino cha kulia kimeliwa upande wa nje. Tangu mwezi uliopita namwambia akilete, anajifanya ana haraka.”

Katika kibanda hiki kisichozidi hatua tatu kwa mbili anaitwa Fundi, basi. Ana miaka thelathini na tisa, mume mwashi na mabinti wawili. Siku nzuri anashona jozi kumi na mbili. Msimu wa mvua jozi hufika ishirini, na jioni vidole hukataa kushika hata kijiko.

Leo kazi haiendi. Chini ya kopo la gundi kuna karatasi iliyokunjwa mara mbili, na kila baada ya mishono mitano sita anainua kopo, anaitazama karatasi, analirudisha kopo mahali pake. Ni fomu ya chama cha raga ya viti vya magurudumu. Inatakiwa leo saa kumi jioni. Ameijaza yote isipokuwa mstari mmoja wenye visanduku viwili: mwenye ulemavu, asiye na ulemavu.

“Nimeuliza watu saba,” anasema. “Nimepata majibu tisa.”

Ukimwona akitembea na viatu vyake hutagundua kitu. Wachezaji wenzake walikaa naye miaka miwili na hawakugundua. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita nne na nusu, tangu kuzaliwa. Siri ilikuwa ndani ya kiatu: tabaka za mpira wa tairi na gome jepesi la vizibo zilizokatwa kwa mshazari na kufunikwa kwa ngozi laini, hata kwa nje viatu vyote viwili vikafanana kama mapacha.

“Mama hakutaka neno kilema livuke kizingiti chake,” anaeleza. “Akiulizwa, anasema, ‘Mwanangu ameegemea tu.’ Nimeegemea nini, hakusema.”

Aliyemtengenezea kiatu cha kwanza ni mjomba wake, fundi viatu, alipokuwa na miaka sita. Kila alipokua, kiatu kilikua. Alipofika miaka kumi na miwili mjomba akachoka, akamwambia, “Mguu wako, kiatu chako. Kaa hapa ujifunze.” Akakaa. Hajainuka mpaka leo.

Raga aliijia kwa mlango wa nyuma. Miaka miwili iliyopita, dereva wa zamani wa lori, aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti baada ya ajali, alisimamisha kiti chake mbele ya kibanda. Mkononi alikuwa na mkanda uliochanika, ule unaomfunga mchezaji kwenye kiti asirushwe anapogongwa. Timu yake humwita Nahodha. Fundi aliushona, kisha akakataa kuutoa.

“Aliniambia mkanda haujaribiwi kwa mkono, unajaribiwa kwa mwili,” anakumbuka Nahodha. “Nikamwambia, haya, Jumamosi njoo uukalie mwenyewe. Nilikuwa natania! Akaja. Akakaa, akajifunga, akasukuma kiti. Sisi tukabaki tunatazamana. Dada ana mikono ya miaka zaidi ya ishirini ya kuvuta uzi, unategemea nini?”

Raga hii huchezwa ndani, kwenye sakafu ngumu, watano kwa watano. Hakuna kuangushana. Kila mchezaji ana utepe kwenye kila bega, na ukimng’oa utepe mwenye mpira, umemkaba. Wanawake na wanaume huchanganyika, na mtu wa miaka hamsini aliyeambiwa kwingine kote kuwa amechelewa hupewa kiti. Hata anayetembea kwa miguu yake huruhusiwa kucheza. Sharti ni moja: watembeao wasizidi wawili uwanjani kwa wakati mmoja.

Fundi aliandikwa miongoni mwa watembeao, kwa kuwa ndivyo alivyoonekana. Pamoja naye walikuwa Nesi, anayefanya kazi zahanati, na Shemeji, kaka wa mke wa Nahodha. Watatu kwa nafasi mbili. Aliyebaki benchi mara nyingi alikuwa Fundi.

Kwa nini hakusema?

“Wiki ya kwanza niliona haya. Wiki ya pili nikafikiri, nikisema leo wataniuliza kwa nini sikusema juzi. Baada ya hapo kila wiki ikawa inaongeza uzito. Mzigo unaoahirisha kuutua, hauwi mwepesi.”

Wiki nne zilizopita, kwenye nusu fainali, mzigo ulijitua wenyewe.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja na timu ilikuwa nyuma kwa alama nne. Nahodha aligongwa ubavuni, mkanda wake ukakatika. Mwamuzi akasimamisha mchezo: bila mkanda, atoke. Fundi alikuwa benchi. Msharasi ulikuwepo, maana huuchomeka kwenye kilemba chake kama wengine wanavyochomeka kalamu sikioni. Uzi na kisu vilikuwepo. Ngozi haikuwepo, mfuko wake wa vipande aliusahau kibandani.

Akavua kiatu chake cha kushoto, akakipasua kwa kisu, akatoa ukanda wa ngozi mrefu, akauunga kwenye mkanda wa Nahodha. Mishono tisa. Mchezo ukaendelea, na dakika ya mwisho kabisa Nahodha akaupenya ukuta wa wapinzani, akainama, akagusisha mpira sakafuni. Trai, alama nne. Kisha mkwaju wa ziada, unaopigwa kwa ngumi katika mchezo huu, ukapita. Wakashinda kwa alama mbili.

Benchi zima liliruka kwa furaha, na Fundi naye akaruka. Mguu mmoja ukatua. Wa pili ukachelewa.

“Nilimwona ameinama upande kama meza iliyovunjika mguu,” anasema Nesi. “Nikadhani ameteguka. Nikakimbilia. Halafu nikaona vile vipande vya gome na mpira vimetawanyika chini, nikaelewa. Nikasema, ‘Dada, tangu lini?’ Alikuwa anaokota.”

Wote humuuliza swali lile lile: mbona hukukata cha kulia?

“Ngozi ya kushoto ilikuwa mpya,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaweka msharasi chini. “Niliibadilisha wiki ile ile. Fundi hamfungi mtu kwa ngozi mbovu. Mkono wangu ulichagua ngozi, haukuchagua mguu. Au ulichagua. Sijui. Mpaka leo sijui.”

Tangu siku hiyo, hakuna anayejua Fundi ahesabiwe upande gani. Nahodha alipiga hesabu haraka: Fundi akihesabiwa mwenye ulemavu, basi kwenye fainali yeye, Nesi na Shemeji wanaweza kucheza kwa pamoja. Kisha akashtuka: wapinzani si watasema tumebuni mlemavu kabla ya fainali? “Mimi ndiye nahodha,” anasema, “na mimi ndiye niliyepotea kuliko wote.”

Alimpigia simu katibu wa chama. Katibu akasema inategemea.

“Inategemea nini?”

“Daktari.”

“Na daktari anategemea nini?”

“Fomu.”

Ndiyo hiyo fomu iliyo chini ya kopo. Jumamosi asubuhi, kabla ya fainali, daktari atawapima wale tu waliojiandika kuwa wana ulemavu. Asiyejiandika hatapimwa. Fundi akijiandika akakataliwa, atabaki miongoni mwa watembeao, na habari zitakuwa zimeshaenea.

Nyumbani nako hakukumsaidia. Mama yake alimpigia simu akiwa amewaka. “Nani kakuambia wewe kilema? Nimekuzaa mzima, nimekulea mzima, leo raga ndiyo ikutoe kasoro?” Akakata. Kesho yake akapiga tena, sauti chini: “Lakini ukiandika hivyo, utacheza?”

Mumewe yeye alicheka. “Nilijua tangu siku ya posa. Ulivua viatu mlangoni.”

“Mbona hukusema?”

“Nilidhani hutaki nijue.”

Miaka kumi na mitano wamefichana kitu ambacho wote wawili walikuwa wakikijua.

Kinachomkosesha usingizi Fundi, hata hivyo, si mama wala mume. “Mechi ikiisha mimi nasimama, navaa kiatu, naenda sokoni. Wenzangu wanabaki kwenye viti. Nikijiandika pamoja nao, si nimewaibia? Nikijiandika na Nesi, si naendelea kuwadanganya? Niambie wewe mwandishi, uliyesoma.”

Mwenzake mmoja hajamsemesha tangu siku ile. Ni binti wa miaka ishirini na minne, muuza simu, aliyepooza kuanzia kiunoni. Wanamwita Breki kwa sababu hana. Saa tisa na nusu alasiri ndiye anayetokea mbele ya kibanda, ametumwa na Nahodha kuchukua fomu. Mapajani ana kiatu cheusi.

“Shikamoo, dada Fundi. Kiatu hiki.”

“Marahaba. Umegonga ukuta tena?”

“Ukuta ndio ulionigonga.”

Fundi anakigeuza. Soli ni safi kama siku kilipotoka dukani, ila ncha imechubuka mpaka kwenye kitambaa. Viatu vya watu huanza kufa chini. Vya Breki hufia mbele.

“Umeandika?” anauliza Breki.

“Bado.”

“Mwisho ni saa kumi, dada.”

“Unataka niandike nini?”

“Usiniulize mimi. Mimi sijawahi kuulizwa.”

Juu ya ngazi mtu anapita. Safari hii Fundi hasemi ni nani.

“Umekasirika kwamba nitakuchukulia nafasi?” anauliza hatimaye.

“Nafasi gani? Nafasi zipo!” Breki anasogeza kiti mbele mpaka kinagonga sanduku la rangi. “Unakumbuka nilikulilia hapa? Nikakwambia watu wananitazama barabarani kama mzigo ulioanguka kwenye gari. Ukanifuta machozi. Ukasema pole. Pole! Na kiatu umekivaa. Wewe ulikuwa na kiatu, dada. Mimi nina kiatu gani?”

Fundi anafuta mikono kwenye aproni. Anafuta tena, ingawa mikono ni mikavu.

“Sikujua kama nina haki ya kusema mimi pia.”

“Hata mimi sijui kama unayo,” anasema Breki. “Lakini ungesema, tungechanganyikiwa pamoja.”

Kisha Fundi anaguna, Breki naye anaguna, na ule mguno unageuka kicheko ambacho hakuna kati yao aliyekipanga. Fundi anainua kopo, anakunjua fomu juu ya paja, anatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Alama imepinda. Hairekebishi.

“Daktari akikukataa?”

“Nitarudi benchi. Lakini nitakaa nimevaa kandambili, kila mtu aone.”

Akikubaliwa, anataka dakika zote themanini. Vyovyote iwavyo, kwenye kalibu ya mjomba, ule mguu wa mbao wa kuundia viatu ulio rafuni nyuma yake, kiatu kipya cha kushoto kimeshaanza. Tabaka za mpira safari hii ziko nje, chini ya soli, nene na nyeusi, zinahesabika moja moja. Bado hajaamua kama ni kizuri.

Anasimama kumsindikiza Breki barabarani. Amevaa kandambili bapa, na kila hatua ya kushoto bega linashuka, kisha linapanda. Wakili wa ghorofa ya pili anateremka ngazi kwa haraka zake, anamwona, anasimama.

“He, Fundi! Pole. Umeumia lini?”

“Sijaumia. Ndivyo ninavyotembea.”

Wakili anamtazama Fundi, anamtazama Breki kama anayeomba mkalimani. Ngazi alizosimamia zimeviweka viatu vyake usawa wa macho ya msichana.

“Usituangalie sisi, mheshimiwa,” anasema Breki. “Tazama kisigino chako.”